Mtunza Jengo Lisilo na Vumbi

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema ili nisije nikaonekana namsengenya mkuu wa chuo peke yake. Mimi ndiye niliyemwandikisha Wendell Hakala kuwa mwanafunzi bila kumwuliza. Nilikaa mbele ya kompyuta, kahawa imeshapoa, mashine ikataka kujua: huyu ni mwalimu, mwanafunzi au mgeni? Habari za mtunza jengo haikuwa nazo. Mgeni alikuwa anafukuzwa kila baada ya saa moja. Mwalimu? Wendell mwenyewe angezimia. Basi nikabofya mwanafunzi, nikanywa kahawa yangu ya baridi, nikaenda zangu kula.

Ila nimeanzia katikati. Tumtazame Wendell kwanza.

Wendell kazaliwa hapa hapa Embury, kaskazini mwa Minnesota, kando ya mgodi wa chuma ambao siku hizi ni ziwa. Akina Hakala wamejaa mji huu, hai na wafu. Alipokuwa na miaka kumi na sita baba yake aliumia mgongo mgodini, naye akaacha shule wiki mbili ili asaidie nyumbani. Hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Akiwa na miaka ishirini na sita alipata kazi ya kufagia katika chuo chetu kidogo, na mwaka huo ninaouzungumzia, 2008, alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja akilitunza Jengo B. Mimi, Verna Skalko, karani wa uandikishaji, nilikuwa ghorofa ya pili ya jengo hilo hilo, nikipata joto lake kila siku bila hata kulishukuru.

Joto lilitoka chini, kwenye boila, tangi la kuchemsha maji ya kupashia jengo joto, ambayo Wendell aliiita Gunhild. Hilo ni jina la mama mkwe wake. Alisema wote wawili wanataka kuamkiwa kabla ya kuguswa.

Jengo B lilikuwa na sheria moja tu. Mlangoni palikuwa na trei ndefu ya mpira, na kuanzia Oktoba hadi Aprili, yeyote anayeingia anavua mabuti hapo na kutembea kwa soksi. Hakujali wewe ni nani. Nimemwona kwa macho yangu akimrudisha jaji mlangoni, na jaji akarudi kweli, akainama, akavua. Hapo kwenye trei ndipo watu walipozungumza. Mtu ameinama anafungua kamba, anamwuliza mwenzake, "Hivi jana alisema nini kuhusu ile hesabu?" Nusu ya masomo ya chuo kile yalimalizikia pale. Nayasema haya leo kwa kujua. Wakati ule tulidhani ni mabuti tu.

Agosti hiyo akatujia mkuu mpya, Daktari Brent Colquitt, kutoka Arizona, amevaa viatu bila soksi. Mtu mwema, siwezi kukataa, ila alikuwa na ugonjwa wa makongamano. Kila akienda anarudi na jambo. Safari hiyo alirudi macho yanang'aa, akatuita wote ukumbini, akatuwekea sahani ya biskuti.

"Elimu tunayoijua imekufa," alisema.

Hakuna aliyelia. Akatueleza kwamba chuo kimepata mahali katika ulimwengu wa kompyuta, na kwamba huko tutajengewa jengo jipya, litaitwa Jengo D. Mwanafunzi atakaa jikoni kwake na kukituma darasani kikaragosi chake, mtu wa kuchorwa ndani ya kompyuta. Kikaragosi kitatembea, kitakaa, kitanyoosha mkono. Theluji ikifunga barabara, shauri yake theluji.

"Kuna mwenye pingamizi?" akauliza.

Sasa, huku kwetu mtu hamwambii mwenzake hapana usoni. Tukaikodolea macho sahani ya biskuti. Mwishowe Wendell, amesimama nyuma na fagio lake, akasema taratibu, "Hilo ni jambo la tofauti."

Watu walishusha macho. Huku Embury sijawahi kusikia tusi kubwa kuliko hilo. Daktari Colquitt akaliandika kwenye daftari lake na kumshukuru Wendell kwa kumwunga mkono.

Aliyempinga waziwazi ni mmoja, na yeye analipwa ili apinge: Dolores Prebich, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni. Alinyanyuka na mkataba mkononi.

"Bosi, umeliita jengo?"

"Ndiyo, Jengo D."

"Lina milango?"

"Lina... ndiyo, milango ipo."

"Na ngazi?"

"Ngazi nzuri sana."

"Mkataba unasema kila jengo la chuo lenye milango na ngazi lazima liwe na mtunzaji aliyeandikwa kwa jina. Nani anatunza?"

"Dada Dolores, lile jengo halipo!"

"Kama halipo, basi wanafunzi umewapeleka wapi?"

Nilitafuna biskuti yangu kwa nguvu ili nisicheke. Ili yaishe, mkuu akamtaja mtu wa kwanza aliyemwona. Wendell Hakala, asubuhi Jengo B, na kuanzia saa saba mchana Jengo D.

Ningeliona jambo lote kuwa mchezo, lakini bodi ilipitisha jingine siku hiyo hiyo, na hili halikuchekesha. Ikifika tarehe thelathini Juni, yeyote anayeshika funguo za boila awe na cheti cha uendeshaji wa majengo, kozi ya mwaka mmoja hapo hapo chuoni. Asiye nacho akabidhi funguo.

Wendell alikuja mezani kwangu jioni ile, akasimama kama mtu aliyepoteza kofia. Hapo ndipo aliponiambia habari za shule, za wiki mbili zile. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale chuoni.

"Si usome basi," nikamwambia. "Kozi ni mwaka mmoja, na boila unaijua kuliko anayefundisha."

"Nikae darasani, Verna? Na watoto niliowafutia matapishi?"

"Watoto gani! Wengine wana wajukuu."

"Nikikosea swali mbele yao, kesho napitaje koridoni na ndoo?"

"Unapita kwa miguu."

Hakucheka. Alishika funguo zake kiunoni, zote kwa pamoja, akazifinya. "Nitakabidhi tu Juni," akasema. "Atampata mwingine." Alikuwa anamsema Gunhild. Niliumia moyo mpaka nikamkemea aondoke niendelee na kazi.

Basi mashine iliponiuliza huyu ni nani, na nilipobofya mwanafunzi, ikasema mwanafunzi lazima awe na kozi. Nikachagua uendeshaji wa majengo. Wendell alipouliza baadaye nilimwambia kidole kiliteleza. Kidole changu hakijawahi kuteleza tangu nianze kazi.

Siku ya kwanza ya zamu yake Jengo D, tulimwekea kompyuta kando ya meza yangu. Akavaa miwani, akakaa wima. Kwenye kioo kikatokea kijana mrefu mwenye nywele nyingi na kiuno chembamba.

"Nani huyu?"

"Wewe."

Wendell alipapasa upara wake. "Mke wangu asimwone huyu."

Saa nzima ya kwanza alitembea akiugonga ukuta. Saa ya pili alibonyeza nisichokijua, akapaa. "Verna, nimenasa darini."

"Shuka."

"Nashukaje?"

Hata mimi sikujua. Tulipiga simu California kwa waliolijenga, wakamshusha.

Alipojua kutembea alilikagua jengo lote, chumba kwa chumba. Lilikuwa Jengo B hasa, ila limepambwa kama bibi harusi: sakafu inang'aa, madirisha hayana ufa, na boila imepakwa rangi ya buluu. Nje theluji ilianguka mwaka mzima bila kukoma. Mkuu aliiagiza makusudi ili wanafunzi wajisikie nyumbani. Wendell aliandika kwenye daftari lake la zamu: saa saba, hakuna kitu. Saa nane, hakuna kitu. Saa tisa, hakuna kitu. Hadi Alhamisi alikuwa amenyong'onyea.

"Jengo gani hili, Verna? Halina hata harufu."

"Shukuru. Unalipwa kwa kukaa."

"Halafu tazama wale. Wanatoka kwenye theluji wanaingia moja kwa moja na mabuti!"

"Wendell, hakuna alama."

"Alama hakuna, lakini adabu je?"

Mtu ambaye hajui kuandika barua pepe alikaa siku tatu na kitabu cha maelekezo, ulimi nje, vidole viwili, mpaka akatengeneza trei. Trei nyeusi, ndefu, mlangoni pa Jengo D. Akaandika juu yake: Mabuti hapa. Hakala.

Na watu wa Embury, jamani! Walikuwa jikoni kwao, wamevaa ndala, chakula kiko jikoni kinaiva. Wakaiona trei. Vikaragosi vyote, kimoja baada ya kingine, vikainama na kuvua mabuti. Hakuna aliyewaambia, hakuna aliyeuliza. Wajenzi wa California hawakuwazia kwamba binadamu angevua viatu huko, kwa hiyo kiatu kikishavuliwa kilipotea na hakikurudi tena. Kufikia katikati ya Oktoba chuo kizima kilikuwa kinatembea peku kwenye theluji. Daktari Colquitt akatoa waraka, na aliyekuwa anachapa nyaraka zake ni mimi: "Wanafunzi wanaombwa kutovua viatu ambavyo kwa kweli hawajavaa." Niliuchapa bila kutabasamu, na naomba hilo liandikwe kwenye sifa zangu.

Mwalimu wa kozi ya boila alikuwa Florida, na mwenyewe alikiri hajawahi kuishi karibu na moja. Wendell alisimama mle darasani kila kipindi kwa sababu zamu ilimtaka asimame. Wiki ya tatu nikasikia kelele.

"Verna! Kioo kimenishika. Kinasema maswali ishirini, nisitoke mpaka nimalize."

"Basi maliza."

"Mbona kinaniuliza mimi? Kimeniandika mwanafunzi!"

"Kidole kiliteleza."

Alinitazama muda mrefu. Nikajifanya natafuta faili. Halafu nikasikia vidole viwili vikianza, tak, tak, tak. Baada ya robo saa kimya.

"Kimesema nini?" nikauliza.

"Kumi na tisa."

"Kati ya ngapi?"

"Si nimekwambia ishirini."

Swali alilokosa lilikuwa hili: mwali wa boila ukizimika, ufanye nini kwanza? Yeye alisema funga gesi, acha feni ipulize iliyobaki itoke, ndipo uguse kingine. Mashine ilisema jibu sahihi ni kusoma mwongozo. "Wakati unasoma jengo linalipuka," alinung'unika. Lakini mchana ule hakula chini kwa Gunhild kama alivyozoea. Alipanda mkahawani, akakaa katikati ya watu, akachukua makaroni ya kuokwa na nyama mara mbili. Wala hakuniomba nimfute kwenye orodha ya wanafunzi.

Darasani mle alikuwamo mwanamke mmoja, Jolene Maki, aliyekuwa dereva wa basi la shule kabla ya macho kumsumbua. Yeye ndiye aliyeanza. Siku moja kwenye trei, kikaragosi chake kimeinama, akaandika: "Wewe Hakala yupi?"

Wendell akajibu, "Hakala tu."

"Haya, Hakala Tu, niambie, kwa nini maji yanarudishwa polepole kwenye boila iliyo moto? Yule wa Florida kanichanganya."

Akamwambia. Alimwambia kama vile angemwambia mtu aliyeshika taa chini kule kwa Gunhild: weka mkono hapa, sikia pale, usimharakishe. Kesho yake Jolene akaja na wawili. Kufika Krismasi walikuwa kumi na mmoja, wanafika nusu saa kabla ya kipindi na kubaki baada yake, peku, wamezunguka trei ya hewani. Kwenye kipindi chenyewe vikaragosi viliinamisha vichwa, maana kikaragosi husinzia mwenye nacho akienda kukoroga supu. Mkuu akaandika kwenye ripoti kwamba muda wanaotumia wanafunzi Jengo D umeongezeka mara tatu. Kweli tupu. Sababu, akaandika, ni mvuto wa rangi.

"Mzee Wendell, ni wewe," Jolene aliandika siku moja. "Nani mwingine angeweka trei?"

Wendell aligeuka rangi pale kitini. "Mama Maki, nakuomba usimwambie mtu."

"Simwambii."

Na kwa desturi ya Embury, siri ilitunzwa vizuri sana. Waliijua wote na hakuna aliyeitaja.

Ikafika Aprili. Mkuu alialika wageni watatu kutoka jijini, wanaogawa tuzo za elimu mpya, na akaamua kwamba mtihani wa mwisho wa boila ufanywe siku hiyo mbele yao. Kila mtahiniwa aitwe jina, kikaragosi chake kiwashe ile boila ya buluu ndani ya dakika kumi. Hakuna kurudia mpaka mwakani. Wa kwanza awe mwenye mahudhurio makubwa kuliko wote, na mashine ikamtoa: W. Hakala, asilimia mia. Mkuu alidhani ni mpwa wa Wendell.

Siku hiyo kukapiga tufani ya theluji. Sisi tumezoea, Aprili yetu ndivyo ilivyo, lakini wageni walifika kwa shida wakakaa chumba cha pili kutoka kwangu, wamejikunyata mbele ya kioo kikubwa cha ukutani. Mlango ulikuwa wazi, niliwaona. Wendell alikuwa kando yangu kwenye kompyuta yake. Alikuwa amenyoa ndevu, na shingoni alikuwa na tai. Amevaa tai ili kikaragosi kifanye mtihani! Nilitaka kumtania, nikashindwa.

"Alama ninazo," alininong'oneza. "Nikiwasha hii tu, cheti ninacho."

"Najua, mzee. Tulia."

Zikiwa zimebaki dakika tano, aliweka kiganja kwenye bomba la joto ukutani. Uso ukambadilika.

"Gunhild amezimika."

"Kaa hapo."

"Mabomba ya ghorofa ya tatu yataganda, Verna. Yakipasuka, maji yote yanashukia kwenye kompyuta na kwenye vichwa vyao."

"Mwite yule mtu wa kampuni."

"Barabara imefungwa. Atapaa?"

"Wendell Hakala, ukinyanyuka kwenye kiti hicho nitakuua kwa mkono wangu."

Alikitazama kioo, akanitazama mimi. Sijamwona binadamu akisita namna ile. Halafu akalegeza tai, akaiweka juu ya kibodi, akatoka mbio kwa soksi zake.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilipomsikia mkuu akisema, "Na sasa, mwanafunzi wetu bora, Bwana Hakala," nilikaa kwenye kiti chake, nikasogeza kipanya, nikabofya. Kikaragosi kikapaa kikanasa darini. Nikabofya tena, kikageuka miguu juu. Ghorofa nzima ikakiona kwenye kioo kikubwa: mwanafunzi bora wa Chuo cha Embury, kijana mwenye nywele nyingi, amening'inia dari ya chumba cha boila, peku.

"Bwana Hakala?" mkuu aliita. "Bwana Hakala ana... namna yake ya kulitazama tatizo."

Dakika kumi zikaisha. Ikaandikwa sifuri.

Wakamwita Jolene Maki. Kikaragosi chake kikaenda, kikafungua hiki, kikafunga kile, boila ya buluu ikawaka. Na wakati ule ule, kweli nakwambia, bomba la ukutani likagonga. Gong. Likagonga tena. Joto likaanza kupanda chumbani. Bibi mmoja katika wale wageni akavua glavu, akavua na koti, akakitazama kioo, akalitazama bomba.

"Ajabu!" akasema. "Imeunganishwa na ile?"

Daktari Colquitt alilitazama bomba. Akakitazama kioo. Akamtazama yule bibi na macho yake ya kutoa tuzo. Akatikisa kichwa kukubali.

Wendell alipanda ngazi baada ya wageni kuanza kunywa kahawa. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Wameniita?"

"Wamekuita."

Akasoma kioo. Akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kujifuta masizi, kidole kimoja kimoja, vyote kumi. "Si kitu," akasema. "Mabomba yamepona." Lakini macho yalikuwa yamejaa, na mimi nililia palepale kwa hasira, nikiitukana Arizona yote.

Nilikwenda kwa mkuu siku ya pili nikamweleza yote, hata habari ya kidole. Alisikitika kweli, si shetani. Akaniambia kuwa kuandika kwamba mtahiniwa hakuwepo kwa sababu alikuwa anawasha boila ni sawa na kuandika kwamba joto lilitoka chini. Na ripoti iliyosema joto lilitoka Jengo D ilikuwa imeshakwenda.

"Unaielewa hali, Verna."

"Naielewa sana," nikasema, nikaufunga mlango wake kwa nguvu kidogo kuliko nilivyotaka.

Tuzo ilikuja Mei. Mwezi huo huo mkuu akapata chuo kikubwa zaidi Nevada, tukamwokea keki. Tarehe thelathini Juni Wendell alifungua mkanda akatoa funguo. Aliyepewa Jengo B ni Jolene, kwa kuwa ana cheti. Alilia kama mtoto.

"Mzee, sitaki. Si haki."

"Chukua. Wewe unajua. Ila usimguse bila kumwamkia."

Dolores alipekua mkataba akakuta kwamba Jengo D halikutakiwa kuwa na mtu mwenye cheti, kwa maana boila yake haichomi kitu. Basi Wendell akabakizwa huko, zamu nzima, mkuu wa jengo lisilo na vumbi. Aliandika kwenye daftari: saa mbili, hakuna kitu. Saa tatu, hakuna kitu. Kiangazi chote alizungumza kidogo sana.

Novemba baridi ikashuka ghafla, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Nilifika asubuhi nikakuta ofisi inaganda, nikabaki na koti langu. Wendell alikuwa kitini kwake, na kwenye kioo yule kijana wake mwenye nywele nyingi amesimama mlangoni pa Jengo D. Akaingia kikaragosi mbio, kikainama kwenye trei kuvua mabuti ambayo hakikuwa nayo tangu mwaka jana.

"Hakala Tu, uko?" aliandika Jolene. Alikuwa chini yetu ghorofa mbili, kwenye kompyuta ya chumba cha boila. "Mwali unashika kisha unakufa. Mara ya tatu sasa."

"Umefunga gesi?"

"Nimefunga. Feni inapuliza."

"Vizuri. Kuna kijicho cha kioo kinachouona moto. Kimeshika masizi, Gunhild anadhani mwali umekufa. Kifute kwa kitambaa kikavu. Subiri dakika tano. Umemwamkia?"

"Ah, mzee!"

"Mwamkie."

Tukangoja, yeye na mimi, tukilitazama bomba ukutani. Gong. Wendell akashusha mabega.

Nilipokitazama kioo tena, trei ilikuwa imejaa. Wote wa mwaka jana walikuwapo, sasa kila mmoja na cheti chake na kazi yake: wa hospitali, wa shule ya msingi, wa uwanja wa barafu. Wote walikuwa na boila iliyogoma asubuhi ile, wote peku, wanasubiri zamu. "Nani anafuata?" aliandika Wendell kwa vidole viwili. Nusu ya Embury ilipata joto siku ile kutoka jengo ambalo halipo.

Mchana wake mashine ikanitaka nihuishe majina ya muhula mpya. Ikafika kwake. Hakala, W. Mwalimu, mwanafunzi au mgeni?

"Wendell, njoo uone," nikamwita. "Usije ukasema sikukwambia."

Akasogea, akainama na miwani yake. Nikabofya mwalimu.

Aliifuta miwani kwa ncha ya shati. Halafu akauliza, pole pole, "Mwalimu haulizwi cheti?"

"Mashine haijauliza."

"Kidole kimeteleza, Verna?"

"Hapana," nikasema. "Safari hii hakijateleza."

Akarudi kwenye kiti chake, akaandika kwenye daftari la zamu kitu ambacho hakunionyesha. Kesho yake alikuja kazini amevaa tai.